Pandisha ISO uwanjani, usisubiri kuiangaza picha baadaye

Nimelithibitisha jambo hili kwa kulinganisha picha za mechi moja ya usiku: unapopiga picha za michezo penye mwanga hafifu, fungua tundu la lenzi hadi mwisho, kwa mfano f/2.8, weka kasi ya shata (pazia linaloruhusu mwanga kuingia kwenye kamera) isiyopungua 1/500 ya sekunde, kisha pandisha ISO (kiwango cha kamera cha kukuza mwanga ulionaswa) mpaka nyuso za wachezaji zipate mwanga wa kutosha, hata ikifika 6400, badala ya kubaki kwenye 1600 na kuiangaza picha kwenye kompyuta. Chengachenga, yaani vidoadoa vinavyoichafua picha, hutokana hasa na uchache wa mwanga unaoifikia sensa (kipande cha kamera kinachonasa mwanga), wala si namba ya ISO yenyewe. Picha yenye giza inapoangazwa baadaye, chenga zilizojificha kwenye vivuli hukuzwa pamoja nayo, zikiwemo zile za saketi za kamera, ambazo kwa kamera nyingi hupungua uzito ISO inapopandishwa mapema. Usishushe kasi ya shata ili kukwepa chenga, kwa sababu programu huweza kuzilainisha, lakini mchezaji aliyetoka na ukungu wa mwendo harudishiki. Mbinu hii hushindwa pale jezi nyeupe zinapomulikwa na taa kali, kwa kuwa sehemu iliyoungua kwa mwanga haina tena maelezo ya kuokoa, hivyo hapo shusha ISO kidogo. Kwa baadhi ya kamera mpya zenye saketi tulivu, tofauti kati ya njia hizi mbili huwa ndogo mno, mradi unapiga faili ghafi (RAW, yaani picha ambayo kamera haijaichakata).