Kuwatambua samaki wa bahari za Korea: mwongozo kwa Waafrika Mashariki

Mtu aliyekulia Tanga, Lamu au Mafia hawi mgeni kabisa mbele ya meza za soko la Jagalchi pale Busan au Noryangjin jijini Seoul. Atamwona jamaa wa nguru, jamaa wa kibua, jamaa wa kolekole, na akifika kisiwa cha Jeju, kusini kabisa, atamkuta chewa. Tatizo huanza pale anapodhani kila anayefanana na samaki wa kwao ndiye huyohuyo. Ushauri wangu ni huu: uzoefu wa pwani ukufikishe kwenye familia ya samaki, kisha simama. Spishi yenyewe itafute kwa alama za mwilini wanazoziangalia Wakorea, na umtazame samaki akiwa mzima, kwa sababu akishakatwa vipande vya hoe (samaki mbichi) hata mjuzi hupotea.

Uliza kwanza ametoka bahari ipi. Magharibi ni Bahari ya Njano, yenye kina kidogo, wastani wa mita 44 hivi, na matope mengi. Pale Incheon tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika karibu mita 9. Mashariki, kwenye bahari ambayo Wakorea huiita Donghae, kina hupita mita 3,000 na maji ni ya baridi. Kusini na Jeju hufikiwa na tawi la mkondo wa joto wa Kuroshio, ndiyo maana huko unakuta chewa na samaki wengine wa maji ya joto.

Tuanze na walio karibu nasi. Samchi (삼치) ni wa jenasi moja na nguru, Scomberomorus: mwili mrefu, meno makali, na safu ya vipezi vidogovidogo kuelekea mkiani. Mpike kama nguru. Godeungeo (고등어) ni wa familia hiyohiyo, ila yuko karibu zaidi na kibua. Madukani wamejaa wa aina mbili: wa Korea, Scomber japonicus, na wa kutoka Norwei, Scomber scombrus. Wa Norwei ana michirizi myeusi iliyokolea na kuonekana wazi mgongoni, na nyama yake ina mafuta mengi. Michirizi ya wa Korea imefifia. Ukiona vidoa vimetapakaa tumboni, huyo ni wa tatu, mangchi-godeungeo. Na ukipitisha kidole ubavuni ukakuta safu ya magamba magumu kama ya kolekole, umeshamshika jeongaengi (전갱이).

Bangeo (방어) na busiri (부시리) nao ni wa familia ya kolekole, ingawa hawana safu hiyo ya magamba magumu. Wote ni jenasi Seriola, wakubwa, na wana mstari wa njano ubavuni. Bangeo hunenepa majira ya baridi na ndipo bei yake hupanda. Busiri husifiwa zaidi wakati wa joto. Kwa hiyo wakati wa baridi ni muhimu kujua unauziwa yupi. Tazama mwisho wa taya la juu, nyuma ya mdomo: la bangeo lina kona kali, la busiri limeviringika. Kisha linganisha pezi la kifuani na la tumboni. Kwa bangeo yanakaribiana urefu; kwa busiri la tumboni ni refu zaidi. Alama hizo mbili zikikubaliana, huna haja ya kubishana na muuzaji.

Samaki bapa ndio wanaowasumbua wengi, na kwao Wakorea wana kanuni fupi: kushoto gwangeo, kulia dodari. Mlaze samaki upande wenye macho ukiwa juu na tumbo likuelekee wewe. Kichwa kikielekea kushoto kwako ni gwangeo (광어), Paralichthys olivaceus. Kikielekea kulia, yuko kundi la dodari na gajami. Angalia na mdomo pia, kwa kuwa gwangeo ana mdomo mpana wenye meno, na dodari mdomo wake ni mdogo. Kanuni hiyo huvunjwa na gangdodari (강도다리). Kwa familia yuko upande wa kulia, lakini katika maji ya Korea macho yake kwa kawaida huwa kushoto. Mapezi yake yamepigwa mistari myeusi, na hiyo ndiyo alama ya kumtofautisha. Kisha mgeuze: gwangeo wa kufugwa (양식) mara nyingi ana mabaka tumboni, na wa bahari (자연산) ana tumbo jeupe safi. Vifaranga waliozalishwa na kuachiwa baharini nao hubaki na mabaka, kwa hiyo baka peke yake si ushahidi kwamba mwenye duka amedanganya.

Ureok (우럭) anaonekana kama chewa mdogo wa kijivu, na wengi wetu tunamwita hivyo. Si chewa. Ni Sebastes schlegelii, na jike lake huzaa watoto wakiwa hai. Shika kwa uangalifu, miiba ya mgongoni inachoma. Chewa wenyewe ni jabari (자바리), ambaye Jeju humwita dageumbari na kumuuza kwa bei kubwa sana, na neungseongeo (능성어), wa bei nafuu. Neungseongeo ana mikanda iliyosimama wima. Ya jabari imepinda na haina mpangilio. Kabla hujalipa bei ya dageumbari, omba kumwona akiwa kwenye tangi.

Jina lenye dom mwishoni lisikufanye udhani wote ni ukoo mmoja. Chamdom (참돔), Pagrus major, ni mwekundu, ana vidoa vya buluu mwilini na ukingo mweusi mwishoni mwa mkia. Anafanana na changu, lakini familia ni tofauti. Doldom mwenye mikanda myeusi ni wa familia nyingine kabisa. Na yeokdom (역돔) ni tilapia, yaani jamaa wa sato na perege, samaki ambaye huna sababu ya kumlipia bei ya chamdom.

Kwa myeongtae (명태) mambo yamegeuka: samaki ni mmoja, majina ni mengi. Akiwa mbichi ni saengtae, akigandishwa dongtae, akikaushwa nusu kodari, akikaushwa kabisa bugeo, na akiachwa nje agande na kuyeyuka majira yote ya baridi huitwa hwangtae. Korea imepiga marufuku kumvua tangu 2019, hivyo wengi unaowaona wametoka Urusi. Soma kibandiko cha asili ya bidhaa, 원산지. Usimchanganye na daegu (대구). Daegu ana sharubu moja inayoonekana wazi kidevuni na taya lake la juu limetangulia. Kwa myeongtae la chini ndilo limetangulia.

Wasabato, na Waislamu wa Ithnaasheri, mna sababu ya ziada ya kutazama magamba. Galchi (갈치), yule mrefu anayeng'aa kama fedha, hana magamba. Agwi (아귀), mwenye kichwa kikubwa na mdomo mpana, hana pia, wala kkomjangeo (꼼장어), mwenye umbo la mkunga, ambaye hata taya hana. Kwa bungjangeo, jamaa wa mkunga mwenye safu ya vidoa vyeupe ubavuni, ngozi ni laini tupu. Chamdom, jogi (조기) na sungeo (숭어, yaani mkizi) magamba yao yanaonekana bila shida. Samchi ana madogo mno, kwa hiyo mchunguze mwenyewe kabla hajasafishwa. Kuwagawa hivi si jambo geni Korea: Jeong Yak-jeon, msomi aliyekuwa uhamishoni kisiwani Heuksando, alimaliza mwaka 1814 kitabu cha viumbe wa bahari, Jasan Eobo, kilichowapanga kwa wenye magamba, wasio na magamba, wenye makombe na wengineo.

Usipomjua samaki, mpige picha ya ubavuni, mapezi yakiwa yamekunjuliwa na rula kando yake, uandike mahali na tarehe. Ukipata jina la Kilatini, lipeleke kwenye hifadhidata ya FishBase, ambayo huorodhesha hata baadhi ya majina ya Kiswahili. Ukipata nafasi, nenda Seocheon kwenye taasisi ya taifa ya bioanuwai ya bahari, iliyofunguliwa 2015. Vielelezo vyake vitakufundisha kuliko picha za simu.

Ukivua mwenyewe, rula ni lazima. Kanuni za urefu zinamhusu hata anayevua kwa kujifurahisha, raia au mgeni: gwangeo asiwe chini ya sentimita 35, ureok 23, chamdom 24, gamseongdom (감성돔, jamaa mweusi wa chamdom) 25. Wadogo rudisha majini wakiwa hai, na uliza miezi iliyofungwa kabla ya kutoka.

Na kuna bunju. Kwa Kikorea ni bogeo (복어), na wadogo wenye vidoa vyeupe hunasa kwenye ndoana sana karibu na magati. Anajivimbisha, meno yake ni kama mdomo wa kasuku, hana magamba ya kawaida. Usimpeleke nyumbani hata mwenzako akikuambia anajua kumsafisha. Sumu iko kwenye ini na mayai, kwa baadhi ya spishi hata kwenye ngozi, na moto wa jikoni hauiondoi. Korea mpishi wa bogeo lazima awe na leseni, kwa hiyo kama unatamani kumla, nenda kwa huyo. Mtu akila kisha midomo na ulimi vikaanza kufa ganzi, usisubiri atapike wala kumpa maziwa. Piga 119, namba ya dharura ya Korea, papo hapo na utamke neno bogeo.