Tangazo la kufunga likitoka: maelekezo ya muuza chakula wa Mji wa Kale

Watu wengi wakisikia rais ametangaza kufunga nchi, hushika neno moja tu, "tumefungiwa," wakazima redio na kuanza kupigiana simu. Mimi nauza chakula Mji wa Kale, Mombasa: mahamri na mbaazi asubuhi, wali mchana, na mwezi wa Ramadhani vitu vya futari. Wakati wa korona nilizoea kulisikiliza tangazo nikiwa na daftari, na bado nawaambia wenzangu wa chama wafanye hivyo hivyo siku likija jengine. Andika mambo matatu: saa, mpaka, na nani ametajwa.

Saa ndiyo huuma kwanza. Kafyu ya Kenya ilianza tarehe 27 Machi 2020, kuanzia saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Ukiisoma haraka utadhani haikufunga biashara ya mtu. Muulize muuza mishikaki, ambaye mteja wake wa kwanza hatoki nyumbani mpaka maghrib ishaswaliwa. Muulize pia mama wa mahamri anayetakiwa kuukanda unga saa kumi alfajiri, na jiko lake liko mtaa wa pili. Kwa hiyo siku ya tangazo fungua daftari la mauzo uangalie mauzo yako yalikuwa saa ngapi. Kama hukuwa ukiandika saa, simu yako imekuandikia: kila malipo ya M-Pesa yana tarehe na saa yake. Yale yanayoangukia ndani ya saa za kafyu yapigie mstari, jumlisha, na hapo utajua umepoteza nusu ya biashara au robo. Bila hesabu hiyo utapunguza wafanyakazi kwa hofu, au utanunua mzigo kwa ukaidi.

Mpaka ni nani haruhusiwi kuvuka. Tarehe 8 Aprili 2020 watu walizuiwa kuingia na kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale, lakini malori ya mizigo yaliendelea kupita. Maana yake viazi vilikuja na wageni hawakuja. Anayeuza kwa watalii na wasafiri, huo ndio mwisho wa mauzo hata mlango ukiwa wazi. Anayeuza kwa majirani ana nafasi.

Nani ametajwa: wauzaji na wasafirishaji wa chakula walikuwa kwenye orodha ya huduma muhimu. Sasa, askari aliye barabarani haangalii sufuria, anataka kitambulisho na karatasi. Toa nakala za leseni ya kaunti na cheti cha afya, mpe kila mfanyakazi yake, na umwandikie barua fupi yenye jina lake, kazi yake na saa zake. Lakini usimtume mtu nje dakika za mwisho eti kwa sababu ana barua. Yaliyotokea feri ya Likoni jioni ya siku ya kwanza ya kafyu, watu wakipigwa virungu na kufukuzwa kwa moshi kabla hata saa moja haijafika, Mombasa nzima inayakumbuka.

Kusogeza biashara ndani ya saa ulizobakishiwa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa ilipo. Ramadhani ya 2020 ilianza mwisho wa Aprili. Huku kwetu maghrib ni kama saa kumi na mbili unusu, na kafyu saa moja. Mteja ana nusu saa ya kufuturu, kuswali na kuwa ndani. Biashara ya usiku, yale mambo ya watu kutoka tarawehe wakapita kula kaimati na kahawa, ilikufa kabisa. Kilichobaki ni alasiri. Basi kazi yote inarudishwa nyuma: kupika kuanzia saa sita, kufungasha saa tisa, kufika saa kumi na moja.

Na menyu lazima ibadilike, hili watu hulisahau. Bhajia na viazi karai vikikaa saa mbili ndani ya mfuko vinakuwa vitambaa. Viazi vya nazi, tambi, mkate wa sinia na muhogo wa nazi havidhuriki, vyengine vinazidi utamu. Chagua vinavyosafiri. Uza kwa kifurushi cha nyumba nzima, usiuze kimoja kimoja, kwa sababu gharama ya tuktuk ni ile ile ukipeleka kaimati kumi au sinia ya watu sita. Oda zipokelewe mpaka saa nne asubuhi kisha mlango ufungwe. Ukipokea oda saa tisa utampikia mtu mmoja na kuwachelewesha kumi. Na malipo kwanza. Najua ni aibu kumwambia jirani alipe kwanza, mwambie hivyo hivyo. Wakati wa kafyu deni la jirani halidaiki: hukutani naye.

Mwezi wa Mei wakatufungia mtaa wenyewe. Tarehe 6 Mei watu walizuiwa kuingia na kutoka Mji wa Kale, sawa na Eastleigh kule Nairobi, na masoko na mikahawa ikafungwa, huku katikati ya mfungo. Kwa hali kama hiyo hakuna ujanja wa menyu. Ndiyo maana mambo ya kodi ya chumba na mkopo uyamalize mapema, ungali unauza.

Mwenye nyumba kabla ya benki, benki kabla ya serikali

Huo ndio mpangilio wangu na siutoi. Mwenye nyumba unaweza kuzungumza naye leo. Benki itachukua wiki. Serikali itachukua miezi, na ikifika huenda isikufikie wewe.

Kodi ya chumba cha biashara haikusitishwa na sheria yoyote wakati wa korona. Kila mtu alijadiliana peke yake. Nenda na namba, usiende na huruma. Mwonyeshe mauzo ya mwezi uliopita na ya wiki hii. Kisha pendekeza wewe mwenyewe, usimngoje apendekeze. Barua yangu ilikuwa fupi, na unaweza kuigeuza iwe yako:

"Assalamu alaikum mzee wangu. Kwa sababu ya kafyu mauzo yangu yameshuka hadi kiasi hiki kwa wiki, daftari nimeambatanisha. Naomba nilipe nusu ya kodi kila mwezi hadi kafyu itakapoondolewa, na nusu iliyobaki niilipe kidogo kidogo kwa mwaka mmoja baada ya hapo. Nitalipa tarehe 5 bila kukosa. Tafadhali tuweke sahihi sote wawili."

Neno zito pale ni "tuweke sahihi." Makubaliano ya mdomo mwezi wa Aprili huwa yamesahauliwa Septemba, na mzee akifariki watoto wake hawayajui. Ujue pia kwamba maduka na hoteli za chakula zisizo na mkataba wa maandishi, au zenye mkataba usiozidi miaka mitano, zinalindwa na sheria ya wapangaji wa biashara, Sura ya 301. Mwenye nyumba anayetaka kukutoa au kupandisha kodi hana budi kukupa notisi ya maandishi ya angalau miezi miwili, nawe una haki ya kupeleka shauri kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara kabla notisi haijaanza kufanya kazi. Usimtishie nayo siku ya kwanza. Ijue tu.

Benki nayo haitakupigia simu. Machi 2020 Benki Kuu ilizitaka benki zipange upya mikopo ya waliopigwa na korona, lakini aliyetaka nafuu ilibidi aende mwenyewe kuomba. Ukienda, uliza mambo mawili: riba inaendelea kuhesabiwa wakati wa mapumziko, na awamu mpya itakuwa kiasi gani? Maana kupangiwa upya si kusamehewa. Ukipumzishwa miezi mitatu na riba inatembea, unarudi na deni nono zaidi. Kama unaweza kulipa riba tu kila mwezi, lipa riba. Mikopo ya simu iwe ya mwisho kabisa, na isiwe ya kununua mzigo utakaooza.

Kuusoma mpango wa nafuu bila kudanganyika

Tarehe 25 Machi 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza VAT, kodi inayoongezwa kwenye bei ya bidhaa, kushuka kutoka asilimia 16 hadi 14, kodi ya mauzo ya biashara ndogo kutoka asilimia 3 hadi 1, na wenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi wasikatwe PAYE, yaani kodi ya mshahara. Redioni ilisikika kama neema. Chukua kalamu tuitazame.

Kodi ya mauzo ilipangwa upya ikawa kwa wanaouza kati ya shilingi milioni 1 na milioni 50 kwa mwaka. Milioni moja kwa mwaka ni kama shilingi 2,740 kwa siku. Anayeuza chini ya hapo hakuwa na cha kupunguziwa. VAT nayo: bidhaa ya shilingi 1,160 pamoja na kodi ingepaswa kuwa 1,140. Shilingi ishirini, na hiyo ni kama mwenye duka la jumla ameamua kuzishusha. PAYE haimhusu kijana unayemlipa kila jioni kwa mkono. Nafuu za kodi humfaa anayelipa kodi. Sisemi hivyo kwa kinyongo, ndivyo zilivyoundwa.

Mei ukaja mpango wa shilingi bilioni 53.7. Ndani yake mlikuwa na bilioni 3 za kudhamini mikopo ya biashara ndogo na bilioni 2 za mikopo nafuu kwa mahoteli, hoteli za kulala wageni, si zetu za sufuria. Dhamana ina maana serikali inaibebea benki sehemu ya hasara. Uamuzi wa kukukopesha unabaki kwa benki, na benki inataka kuona taarifa za akaunti. Mwenye daftari, nambari ya PIN ya kodi na laini ya simu ya biashara iliyotengwa na ya nyumbani aliweza angalau kusogea kaunta. Ukitaka kuanza leo, anza na hiyo laini. Pesa za shule za watoto na pesa za mbaazi zisipite njia moja.

Vilivyotufaa kweli wadogo havikuitwa nafuu ya biashara. Kutuma M-Pesa isiyozidi shilingi 1,000 kulikuwa bure tangu katikati ya Machi, na hapo ndipo wateja wa mahamri walipozoea kulipa kwa simu. Na Kazi Mtaani, vijana wakilipwa kusafisha mitaa, ilitia pesa mikononi mwa watu wanaokula mitaani. Ukisikia mradi kama huo, uliza wanafanya kazi wapi na wanalipwa siku gani, upeleke chakula huko.

Mwisho, kila nafuu iandike kwenye kalenda pamoja na siku itakayoisha. M-Pesa ya bure iliisha 31 Desemba 2020. VAT ilirudi asilimia 16 siku ya pili yake. Mpango wa benki wa kupanga upya mikopo ulifungwa mapema Machi 2021. Kafyu yenyewe haikuondolewa mpaka Mashujaa, 20 Oktoba 2021. Kwa hivyo awamu yoyote utakayokubali kulipa, kwa benki au kwa mwenye nyumba, ipigie hesabu kwa mauzo ya saa ulizobakishiwa na kafyu.