Kusuka ukili ukilea peke yako, na ukweni wanakusubiri

Mume yuko Maskati kikazi, au yuko melini, au ametangulia mbele ya haki, au mmeachana lakini mtoto bado ni mjukuu wa watu. Kwa vyovyote vile, mtoto uko naye wewe mchana na usiku, bibi yake anataka kumwona, na kuna ukili, yaani ukanda uliosukwa ambao hushonwa kuwa mkeka, umeuviringisha juu ya kabati tangu mwezi uliopita. Mwongozo huu ni wa mama wa namna hiyo, hasa wa pwani na visiwani, ambako ukindu, majani ya mkindu ya kusukia, unapatikana na kusuka barazani si jambo la kumshangaza mtu.

Wengi hujaribu kugawa saa: saa hii ya mtoto, ile ya wakwe, nyingine yangu. Haiwezekani. Mtoto mdogo haangalii saa, na ukiwa ukweni wewe si mwenye nyumba. Igawe kazi ya mkono badala yake. Kusuka kuna hatua zinazotaka macho, moto au kisu, na kuna hatua inayotaka vidole tu. Za kwanza zifanyie kwako mtoto akiwa amelala. Ya vidole ndiyo ya kubeba.

Za macho ni kuchana, kutia rangi, kuanza ukili na kushona. Ya vidole ni kusuka kwenyewe, ukili ukishashika njia.

Piga hesabu kwanza

Ukili hupimwa kwa pima, yaani mikono miwili iliyonyooshwa, ambayo kwa mtu mzima ni mita 1.8 hivi. Pimia mikono ya mtu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu pima ya mrefu na ya mfupi hazilingani na mkeka utapungua pembeni.

Mkeka wa futi 6 kwa 4, kwa ukili unaobaki sentimita 4 baada ya kushonwa, unataka safu 30, na kila safu ni pima moja. Jumla pima 30. Msala, yaani mkeka wa kuswalia, wa mita 1.2 kwa sentimita 70 unataka pima 12, na moja zaidi ya akiba. Mama mwenye mtoto mdogo akisuka nusu pima kwa siku amefanya kazi nzuri. Maana yake msala huisha chini ya mwezi, na mkeka huchukua miezi miwili na zaidi. Kama ziara ya ukweni iko katikati, anza msala. Mkeka mkubwa uliolala nusu humkatisha mtu tamaa, halafu panya wakaumaliza.

Wiki ya kabla ya safari

Ukindu uliokauka vizuri jua la siku chache huchanwa kwa kucha au ncha ya kisu kuwa chane za upana mmoja. Hapa usifanye haraka. Chane zikitofautiana, ukili huenda kombo, na hakuna kuvuta kutakakounyoosha baadaye. Chana usiku, baada ya isha, ukitandika kitambaa cheusi chini ili uione tofauti ya upana.

Kutia rangi ni kazi ya maji yanayochemka, kwa hiyo usiifanye mtoto akiwa macho na huna mtu wa kumshika. Jiko la mkaa liko chini, usawa wa mikono yake. Ngoja alale, au mpeleke kwa jirani kwa saa moja. Maji yafunike chane zote, rangi ikorogwe mpaka iyeyuke kabla chane hazijaingia, na kila rangi iwe na sufuria yake. Ukishazitoa, suuza mpaka maji yatoke meupe. Nyekundu na zambarau ndizo zinazoleta balaa: zisiposuuzwa vya kutosha, hutoka tena siku unapolowesha chane ili usuke, zikachafua zile nyeupe, na huwezi kuzirudisha. Anika kivulini, maana jua kali hufifisha rangi mpya.

Kisha anza ukili, na usuke walau dhiraa moja (kutoka kiwiko hadi ncha za vidole) kabla ya kufunga mzigo. Sababu ni hii: mwanzo ndipo unapohesabu, na ukiitwa katikati ya kuhesabu unaanza upya. Ukishafika dhiraa, nakshi yenyewe inakuonyesha chane ipi inapita juu na ipi chini, hata kama umeweka chini mara kumi kumsafisha mtoto.

Mzigo wa mkono kwa ziara ya siku tatu ni mdogo: ukili ulioanzwa umeviringishwa na kubanwa kwa kibanio cha nguo upande wa chane zinazosukwa, chane za kutosha pima 2 tu, kanga kuukuu ya kufungia, na mkasi wenye ncha butu. Kisu kibaki nyumbani. Usibebe chane za mkeka mzima kwa tumaini kwamba utapata nafasi. Zinazobaki hulala na unyevu na kuoza.

Unyevu ndio unaoharibu kazi nyingi za safarini. Chane kavu hukatika pale inapokunjwa ukingoni. Chane iliyoloa chapachapa husukika vizuri, lakini ikikauka hunywea, na ukili unabaki na matundu unayoweza kupitishia unga. Kiasi kinachofaa hupatikana kwa kuzilaza chane usiku mmoja ndani ya kanga iliyoloweshwa ikakamuliwa. Ukiikunja chane kidoleni iinamie bila kulia na bila kuacha maji kwenye ngozi. Kwa safari unaweza kuitia kanga hiyo kwenye mfuko wa nailoni, lakini ukifika tu itoe. Katika joto la pwani chane zilizofungiwa nailoni hupata ukungu upesi, na harufu yake haitoki.

Kuhusu mtoto, vya lazima ni kadi ya kliniki, chandarua, nguo za siku moja zaidi ya siku unazolala, na pakiti mbili za chumvi ya kuhara (ORS). Pakiti nyingi huchanganywa na lita 1 ya maji safi na salama. Soma iliyoandikwa kwenye yako, na kinachobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Msimu wa kusi bahari ya Unguja na Pemba huchafuka, kwa hiyo mlishe chakula chepesi kabla ya kupanda boti, na ukili usiuguse njiani. Kusuka huku unainamisha kichwa ndani ya chombo kinachoyumba ni kujitafutia kutapika.

Kupanga siku na mama mkwe

Mpigie mwenyewe, usimtume wifi. "Shikamoo mama. Nilikuwa natamani kumleta mjukuu wako Ijumaa, tulale mpaka Jumapili, kama haitakuwa na uzito kwako." Taja siku ya kufika na ya kuondoka katika simu hiyo hiyo. Ziara isiyo na mwisho uliotajwa hurefuka, na kumuaga mkwe aliyedhani unakaa wiki ni kumvunja moyo. Siku tatu zinatosha. Wazee walishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na kwa mke wa mtoto jembe hilo hutangulia: siku ya pili uko jikoni.

Usiende mikono mitupu. Sukari kilo 2, majani ya chai, na upepeo uliousuka mwenyewe vinapokewa kwa furaha kuliko kitu cha bei uliyojikaza. Upepeo pia hukutangulizia habari: mama mkwe akiushika, ameshajua kwamba una kazi ya mkono, na kesho yake ukitoa ukili hashangai.

Mjane aliye ndani ya eda hasafiri kwa ziara. Miezi minne na siku kumi zikatike kwanza, na wakwe wanaotaka kumwona mtoto waje wao. Kwa mliyeachana, ziara bora ni ya kwenda asubuhi na kurudi kabla ya magharibi, na mazungumzo ya matumizi ya mtoto yapangiwe siku yake, yasichanganywe na siku ya bibi kumbeba mjukuu.

Ukiwa ukweni

Siku ya kwanza ukili usionekane. Salimu, pokea pole za safari, mwachie bibi mtoto, saidia chakula. Ukiketi na kusuka saa ile ile ya kufika, inaonekana umekuja kwa shughuli zako.

Siku ya pili nafasi hupatikana yenyewe, baina ya adhuhuri na alasiri, vyombo vikiwa vimeoshwa na watu wako barazani. Kabla hujakaa, mkabidhi mtoto kwa mtu mmoja kwa jina: "Wifi, niangalizie mpaka alasiri. Ameshakula, akilia ana usingizi, maji yake yako kwenye chupa ya kijani." Kumwachia mtoto "watu wa nyumbani" ni kutomwachia mtu yeyote, kila mmoja anadhani mwenzake anamtazama. Kama nyumba ina kisima au karo la maji, sema hilo waziwazi unapomkabidhi.

Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, chane si kitu cha kuchezea. Ncha zake huingia jichoni na ndefu hujizungusha shingoni. Ukisimama, hata kidogo, viringisha ukili na uutundike juu ya usawa wa kichwa cha mtu mzima. Mkubwa kidogo mpe vipande vifupi vyake asuke msuko wa tatu. Atakuacha kwa nusu saa, na atajifunza.

Ukiunga chane mpya, ilaze juu ya ile inayokwisha kwa upana wa vidole vitano, ncha zikitokea upande wa chini, kisha endelea. Kuunga mbili sehemu moja huufanya ukili uvimbe, kwa hiyo ziachanishe. Ncha zinazochomoza usizikate ukweni. Zitakatwa zote pamoja nyumbani, ukili ukiwa mkavu.

Sasa, mama mkwe akiwa msukaji, atanyoosha mkono: "Hebu lete." Mpe kwa mikono miwili, na uwe umejiandaa. Mkono wa kila mtu una mkazo wake. Wasukaji wa zamani hukaza zaidi, na ukili wako wa sentimita 4 na nusu unaweza kurudi ukiwa na 4, ukapanuka tena ukiushika wewe. Kipande hicho kikiingia katikati ya mkeka, mshono unavuta na mkeka hautalala chini. Dawa ni kumbebea mwanzo wake: kipande kidogo ulichokianza pembeni, chenye chane zake. Yeye anasuka chake, wewe chako, mnaongea. Muulize nakshi anayoijua ambayo huijui. Atakuonyesha kwa vidole, na hiyo ndiyo faida kubwa ya safari hii kwa mtu anayeipenda kazi. Ombi la "nisukie na mimi" kutoka kwa wifi lijibiwe papo hapo kwa kitu kidogo chenye tarehe: upepeo, baada ya msala kuisha. Ukisema "inshallah" ukanyamaza, mkeka wa watu umeshaanza kudaiwa.

Mtoto akiugua au ukahitajika jikoni siku zote tatu, usisuke. Mzigo ulikuwa wa pima 2 tu, na hakuna kilichopotea.

Ukirudi

Usiku ule ule kunjua ukili wote na kuutandaza mahali penye upepo, kivulini. Chane zilizobaki zitoe kwenye kanga zikauke kabisa. Utazilowesha tena siku ya kusuka. Zenye vidoa vya ukungu zitenge, usizifiche ndani ya ukili ukidhani zitapona. Ukili ukikauka, pima upana wake kila dhiraa. Palipopungua zaidi ya nusu sentimita weka uzi wa alama, ukate hapo siku ya kushona, na kipande hicho kiende safu ya ukingoni au kiwe cha kikapu. Kata ncha zilizochomoza, viringisha, na ushone kwa shazia, sindano kubwa ya mikeka, ukishatimiza pima zote 13, kwa sababu kushona nusu nusu ndiko kunakouacha msala na pembe zisizolingana.