Ukiishiwa maneno ya kumsifu Mungu fungua Zaburi 136

Wapendwa hebu niwaachie hii, kama na wewe unaanza kumsifu Mungu asubuhi afu dakika mbili tu maneno yameisha unabaki asante Baba asante Baba, fungua Zaburi 136. Ina mistari 26 na kila mmoja unaishia palepale, kwa maana fadhili zake ni za milele. Yani mara 26! Imekaa kabisa kwa kuitikizana kwahiyo msiisome kimyakimya. Nyumbani mimi nasoma nusu ya kwanza watoto wanaitikia, yule mdogo hata kusoma hajajua ila kiitikio kashakishika na anakitoa kwa sauti kuliko wote.

Sasa utamu uko hapa, angalieni inavyotembea, inaanza na mbingu, jua, mwezi na nyota, inaingia Misri, Bahari ya Shamu, wafalme Sihoni na Ogu wanatajwa kabisa kwa majina, afu mstari wa 25 inashuka mpaka kwenye chakula tu, kwamba anawapa wote wenye mwili chakula chao. Mkifika hapo simameni kidogo, kila mtu aongeze wake. Kodi ya mwezi huu imepatikana, kwa maana fadhili zake ni za milele. Homa ya mtoto imeshuka usiku, kwa maana fadhili zake ni za milele. Msikimbize, mpeni kila mtu nafasi, afu wa 26 ndo mnafungia. Ukiwa kwenye daladala we itikia moyoni.