Kuvisha mti wa mtaani nguo ya kufuma: hatua zote, na mama ndo fundi mkuu

Assalam alaykum wapenzi. Zile picha za miti na vyuma vya njiani vilovishwa nyuzi za rangi huko nje kila mtu keshaziona, na swali ninaloulizwa kila mara ni kama hapa Unguja inawezekana. Inawezekana na vizuri sana, mana majumbani mwetu mna mama na bibi wanaofuma vitambaa vya makochi na vya juu ya tivii tangu hatujazaliwa, kazi kama ile unaipeleka nje tu. Ndo mana nasema usianze peke yako, anza na mama. Mimi nafanya na bi mkubwa wangu na nnavyoona nusu ya kazi inakwenda vizuri kwa sababu yupo yeye, sio kwa kufuma tu, hata kwa watu wa mtaani.

Kwa ufupi tu hii kitu imetoka wapi. Mwaka 2005 huko Houston, Marekani, mwanamke mmoja anaitwa Magda Sayeg alifuma kipande kidogo cha rangi ya buluu na pinki akakivisha mkono wa mlango wa duka lake, wapita njia wakapenda, akaendelea na nguzo za alama za barabarani, na watu wa nchi nyengine wakafata. 2006 msanii wa Denmark, Marianne Jørgensen, akakivisha kifaru cha vita kizima blanketi la pinki kupinga vita vya Iraq, na lile blanketi halikufumwa na mtu mmoja, limeungwa kwa vipande vidogo vya mraba vilofumwa na watu wengi. Lishike hilo la vipande ntalirudia chini. Na toka 2011 kuna siku yake ya kimataifa, tarehe 11 Juni, ambayo kwetu imekaa vizuri mno kwa sababu masika yanakuwa yameshamalizika.

Haya tuingie kazini.

HATUA YA KWANZA: CHAGUA CHA KUVISHA

Anza na kitu kimoja, kidogo, karibu na kwenu. Mkungu wa kivulini wanapokaa wazee na bao lao, benchi la mbao, chuma cha ngazi za fleti, baskeli bovu lililoegeshwa miaka. Mimi napenda mkungu mana gome lake lina mikwaruzo kidogo nguo haiteremki ovyo, na kivuli chake kinalinda rangi na jua.

Vya kuacha ni hivi, na hapa naomba tusikilizane. Nguzo ya umeme usiiguse kabisa, alama ya barabarani usiizibe. Mnazi unaopandwa usiuvishe, mkwezi anaweka mguu kwenye zile pasuo na akikanyaga uzi atateleza, na mkarafuu kwa nyinyi wa Pemba ni vile vile ikikaribia wakati wa kuchuma. Mji Mkongwe ndani, milango ya nakshi na kuta za chokaa achana nayo, ule ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000 na una mamlaka yake ya hifadhi, ukitaka kufanya lolote kule nenda kaulize kwanza. Mitaa ya Ng'ambo iko mingi na ndo inayohitaji rangi zaidi, tizama Michenzani zile ngazi zilivyo.

HATUA YA PILI: RUHUSA

Wenzetu huko nje wanafanya usiku kwa kuficha. Hapa mtaani watu wanajuana, ukionekana usiku unazunguka mti na kamba na sindano watu watafikiria mengine kabisa, wataanza kusema ni mambo ya kishirikina na hapo umeshaiharibu kazi. Kwa hiyo nenda kwa sheha wa shehia yenu, mchana, na mama yako. Mwambie ni mti gani, utakaa na nguo muda gani, na nani ataitoa. Ikiwa mti uko chini ya manispaa sheha atakuelekeza. Na wale wazee wa bao nao waambie, ndo wenye mti wenyewe hata kama hawana hati.

Hapa ndo utaona faida ya mzazi. Ukenda mwenyewe utaulizwa wewe mtoto wa nani na unataka nini, akenda mama anapiga hodi, anauliza habari za mgonjwa wa nyumba ile, anakaribishwa chai, na katikati ya maneno anaingiza habari ya mti na inapita. Mshangao haupotei, mana wanaojua ni wachache, watoto na wapita njia wataamka waukute tu.

HATUA YA TATU: NYUZI

Madukani Darajani utapata mabonge ya uzi, ila kwa mti mzima pesa itakwenda. Njia yangu ni masweta ya mtumba. Kisiwa chetu cha joto, sweta hapa hana wa kumgombania, unalipata kwa bei ya chini na ndani yake uzi ni mwingi. Lakini usilinunue kabla hujaligeuza ndani nje ukatizama mshono wa ubavuni. Ukiona mshono umekatwa kwa mashine ya ovaloki, nyuzi zimebanwa pamoja na kingo zimekatwa, liache, ukilifumua utapata vipande vifupi vifupi kila safu. Unataka lile ambalo pande mbili zimeungwa kwa uzi mmoja tu kama mnyororo na kingo zake nzima, hilo ukikata ule uzi wa kuungia linaachia, unaanza kuvuta kutoka shingoni na linafumuka mpaka chini.

Uzi wa aina gani? Wa akriliki ndo wa nje, unakauka haraka na jua unalistahamili. Pamba inanyonya maji ikalemea na kwa unyevu wetu huu inaota ukungu, sufu ya kondoo ndo kabisa. Lebo nyingi zimeshafutika kwa hiyo mama anapima kwa kibiriti: anakata uzi mfupi kama wa kidole, anaushika kwa kibanio juu ya sinki, anauwasha ncha. Ukinuka nywele zilizoungua na ukawa majivu unayoweza kuyasaga kwa vidole, hiyo sufu. Ukinuka karatasi, pamba. Ukiyayuka ukaacha kidonge kigumu cheusi, akriliki au jamaa zake, huo ndo wetu. Kazi ya moto aifanye mkubwa, na usikishike kile kidonge mpaka kipoe.

Ukishafumua uzi unakuwa umejikunja kunja. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge pahala pane kwa kiuzi ili usitatizike, utoe, uroweke maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, kisha uanike kivulini na kitu chepesi kimeninginia chini yake. Ukikauka kunja mabonge.

HATUA YA NNE: KUPIMA

Hii ndo hatua inayotofautisha kazi nzuri na tambara lililoning'inia, kwa hiyo nenda nayo taratibu.

Mti haulingani chini na juu. Pima mzunguko pahala patatu: chini, katikati, juu, halafu pima urefu unaotaka kuvisha. Mama yangu anapima kwa shubiri na hakosei, ila shubiri yake na yangu si moja, kwa hiyo kama mnapima kwa mkono mkono uwe wa mtu mmoja mwanzo mpaka mwisho. Mimi natumia tepu ya fundi charahani na tukimaliza tunalinganisha.

Sasa fuma kipande cha majaribio kwa uzi ule ule na sindano ile ile, kisha hesabu vitanzi vingapi vinaingia kwenye sentimita 10. Tuseme vimeingia 12, na mti wako mzunguko wake ni sentimita 120. Usifume 120. Kitu cha kufuma kinavutika, kikilingana na mti kitateremka siku ya pili, kwa hiyo punguza sehemu moja ya kumi, fuma 108. Vitanzi vyako vitakuwa kama 130. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa katikati na kwa juu, uwe unapunguza vitanzi kidogo kidogo kadri unavyopanda.

HATUA YA TANO: KUFUMA

Kroshia au sindano mbili, vyote sawa. Mimi naona kroshia ni bora kwa nje, mana kazi ya sindano mbili uzi mmoja ukikatika vitanzi vinafumuka mstari mzima kushuka chini, na mtaani watoto lazima watavuta. Kroshia inashika zaidi. Mama yeye ni mtu wa sindano mbili na hataki kusikia, basi vipande vyake tunaviweka juu mikono isipofika.

Fuma kipande bapa, sio duara, mana mti huwezi kuuvisha kwa kichwani. Upana ni ule mzunguko ulopunguza, urefu ni urefu wa kuvisha.

Rangi, fanya zako, ila mie naipenda sana mpangilio wa kanga: pindo chini na juu, mji katikati. Chukua kisutu kwa mfano, nyekundu, nyeusi na nyeupe, ukiweka pindo la safu kumi hivi za nyeusi kisha mji mwekundu wenye madoa meupe, mtu yeyote wa pwani akiuona anajua ni kanga kabla hajasogea. Mama ndo alonishauri tufanye pindo la chini liwe pana kuliko la juu, na alivyosema ndivyo, jicho linaanza chini.

Kama mti ni mkubwa basi rudi kwenye yale ya vipande vya mraba. Kina mama wa mchezo wa pesa wakikutana, mama yako agawe uzi, kila mmoja afume mraba wa sentimita 15 kwa 15, rangi atakayo. Wagawie kipimo cha karatasi la sivyo kila mtu ataleta saizi yake na kuunga kutakushinda. Kazi ikiwa na mikono ya watu kumi na tano, watu kumi na tano wataulinda huo mti.

HATUA YA SITA: SIKU YA KUVISHA

Chagua wakati wa kipupwe, Juni mpaka Septemba ndo pazuri, vuli na masika usijisumbue. Usiku wa kuamkia Idi kila mtu anautaka ila mama hatakuwepo, yuko jikoni, kwa hiyo fanya siku mbili kabla.

Tokeni baada ya sala ya alfajiri, kukianza kupambazuka. Mnahitaji shazia ile ya kushonea mikeka au sindano yoyote butu yenye tundu kubwa, mkasi, uzi wa rangi ile ile ya nguo, na ngazi kama mnakwenda juu, baba aishike. Futa mti kwanza, toa siafu kama wapo, na tizama kama kuna kiota au mjusi kajificha.

Mmoja akumbatie nguo kwenye mti kingo mbili zikutane upande wa nyuma usiotizama njia, mwengine ashone kutoka chini kwenda juu. Shazia inaingia kitanzi cha kushoto, inatoka kitanzi cha kulia, kila safu na mwenzake, unavuta baada ya safu tano sita na mshono unazama hauonekani. Ukivuta kila mara nguo inajikunja. Mama akishona hapa mie nabana tu, ana mkono mwepesi kuliko wangu na anamaliza jua halijatoka vizuri. Mwisho piga fundo, rudisha ncha ya uzi ndani.

Misumari hapana, waya hapana, gundi hapana. Nguo ikiwa imepunguzwa kama nlivyosema itashika yenyewe. Kwa chuma cha ngazi kikaushe kwanza na usivishe chenye kutu, chumvi ya hewa ya bahari pamoja na uzi uloroa inazidisha kutu na uzi wenyewe unageuka rangi ya kahawia.

HATUA YA SABA: KUITIZAMA NA KUITOA

Pita kila siku mbili tatu. Ikinyesha mvua ya ghafla na siku ya pili bado imeroa, ifungue, gome likikaa na maji linaoza na wadudu wanajificha. Mama huwa anasema mti nao unapumua, na mie nakubaliana nae, mwezi mmoja unatosha hata kama nguo bado inapendeza. Usiache mpaka inachakaa vipande vinapeperuka, akriliki ni plastiki na mitaro yetu yote inaishia baharini.

Kuitoa kata ule uzi wa mshono tu, usikate nguo. Ifue, ianike. Ikiwa nzima inavaa mti mwengine wa saizi ile, ikiwa imetoboka ifumue urudishe mabonge, na vile vipande vifupi visivyofaa kitu vijaze kwenye mto wa baraza mshone mdomo.