Kabla ya Kupanda Astilbe: Maji Kwanza, Rangi Baadaye

Wengi wanaotaka astilbe, mmea wa maua wa kudumu wa bustanini, huanza kwa kuchagua rangi. Wanavutiwa na yale mashada yanayosimama kama manyoya ya ndege, wananunua, na joto likikolea majani yanakauka kingo na kugeuka kahawia. Astilbe haistahimili kiu, kwa hiyo kagua mahali kabla ya kukagua ua.

Siku mbili tatu baada ya mvua, chimba kidogo, chota udongo uufinye. Ukishikamana na kubaki na unyevu, hapo panafaa. Ukiwa wa kichanga na umeshakauka, changanya mboji au samadi iliyooza vizuri, tena kwa wingi, kwa sababu mmea huu hula rutuba nyingi. Lakini unyevu si dimbwi: maji yakituama majira ya baridi, shina la chini huoza. Kivuli chepesi ndicho bora. Jua la kutwa linawezekana pale tu ambapo udongo haukauki kamwe, na kwenye kivuli kizito utapata majani mengi, maua machache. Epuka pia kupanda chini ya miti mikubwa. Mizizi yake itakunywa maji yote. Na kama unaishi kwenye joto mwaka mzima, tafuta mmea mwingine, maana huu unahitaji kipindi cha baridi ili upumzike.

Sasa aina. Nyingi za zamani zilizalishwa na Mjerumani Georg Arends, ikiwemo 'Fanal' yenye maua mekundu yaliyokolea na kimo cha sentimita 60 hivi. 'Deutschland', nyeupe, huwahi kuchanua. 'Superba' ya zambarau huchelewa na hufika mita moja na zaidi, basi iwe nyuma. Ukichanganya za mapema na za mwisho, bustani haitakuwa na maua ya wiki chache tu. Kwa mwenye wasiwasi na maji, mimi ningeshauri Astilbe chinensis pumila: fupi, hutambaa, na huvumilia ukavu kuliko nduguze, ingawa nayo ina kikomo.

Nunua miche iliyogawanywa, si mbegu, kwani mbegu za chotara hazifanani na mama. Acha nafasi ya sentimita 45 hivi, tandaza matandazo, na ujiandae kuigawa kila baada ya miaka 3 au 4. Maua yakinyauka, kuyakata hakuleti mengine.