Injini za K-car: 2.2, 2.5 au 2.6?

Ukinunua vipuri vya Dodge Aries au Plymouth Reliant, yaani magari ya Chrysler yaitwayo K-car, jua kwanza injini ni ya lita ngapi; usiamini beji ya ubavuni, fungua boneti. Kama manifoldi (mabomba yaliyofungwa kwenye injini) ya hewa na ya eksozi ziko upande mmoja, nyuma kuelekea kwa dereva, hiyo ni ya Chrysler wenyewe, 2.2 au 2.5. Zikiwa pande mbili tofauti za silinda hedi, ni 2.6 ya Mitsubishi, iliyotumika 1981 hadi 1985.

Tofauti hiyo ni ya pesa. 2.2 ina mkanda wa taiming, na ukikatika pistoni hazigongi vavu: unafunga mpya, unapanga alama, unaondoka. 2.6 ina cheni. Ikianza kuchakaa hukwaruza ndani ya kava, hasa injini ikiwa baridi, na kelele hiyo si ya kuvumilia.

Kazi ni kutenganisha 2.2 na 2.5 (1986 kuendelea), maana zinafanana kama mapacha. Soma herufi ya nane ya namba ya chesisi, kwenye dashibodi chini ya kioo: D ni 2.2 ya sindano za mafuta (si kabureta), K ni 2.5. Kipenyo cha silinda ni kilekile, milimita 87.5, ila mwendo wa pistoni ni 92 kwa 104, na 2.5 ina shafti za kupunguza mtetemo ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini).